Mchunga wa mvua za kwanza

Masika yakishanyesha siku nne tano mfululizo hapa Muheza, naamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, nachukua kikapu na kisu kidogo cha kumenyea machungwa, naingia mashambani kuchuma mchunga, mboga chungu inayojiotea yenyewe, kabla sijafungua kibanda changu cha kutengeneza baiskeli. Vijana wa kijiweni wananiita mama mboga. Sawa tu. Mchana hao hao wanapita kuuliza kama bada, ugali wa muhogo ninaolia mboga hiyo, limebaki.

Kazi hii nilifundishwa na bibi mzaa mama. Mimi nilikuwa mshika kikapu wake, na hakuwahi kunitajia jina la jani kabla sijalivunja. "Vunja kwanza, mjukuu wangu." Ukivunja jani la mchunga, maziwa meupe yanatoka palepale, yananata vidoleni, na baada ya muda yanageuka kahawia. Ukirudi nyumbani na vidole visafi, hukuchuma mchunga.

Lakini maziwa peke yake yasikudanganye. Minyaa ya uzio nayo ina maziwa, na yakikuingia jichoni utalia mpaka usiku. Tazama na umbo. Mchunga mchanga umelala chini, majani yametandazwa kuzunguka shina, marefu na membamba, kingo zimekatwakatwa kama msumeno uliochakaa. Hauna miiba. Baadaye unasimamisha kikonyo chenye maua madogo ya njano, na hapo umeshachelewa: uchungu wake utakushinda hata ukiukamua mara ngapi. Mimi nachuma ule ambao majani hayajazidi urefu wa kiganja na vidole vyake.

Kata kwa kisu usawa wa udongo, mzizi uache. Mkulima hawezi kukulaumu, maana yeye mchunga ni adui yake. Mizizi inatambaa chini ya ardhi, na kila kipande kinachokatwa na jembe kinachipua mche mwingine. Akilima ndio kama anaupanda. Ndiyo maana utauona mwingi kwenye shamba la mahindi lililotifuliwa juzi kuliko porini kwenyewe. Omba ruhusa tu, na ukitoka mpe fungu moja.

Kuna sehemu sichumi hata mboga ikiwa nzuri namna gani. Kando ya barabara kuu ya Segera hadi Tanga, kwa moshi na vumbi. Kwenye mitaro, kwa sababu unazozijua. Na chini ya michungwa, mpaka nimwone mwenye shamba. Mwaka mmoja nilijaza kikapu kwenye bustani safi, nikashangaa mbona pamenyamaza hivi, hata panzi hakuna. Mzee mmoja akapita na kuni akaniuliza kama nina mpango wa kuzika mtu nyumbani: pale palipigwa dawa ya magugu jana yake, na majani yalikuwa bado hayajaanza kunyauka. Nilimwaga yote, nikaosha kikapu kwa sabuni. Tangu hapo nauliza kwanza, aibu baadaye.

Mchunga peke yake ni mkali kwa asiyezoea, watoto hasa. Changanya. Theluthi mbili mchunga, iliyobaki mnavu au ncha laini za mashona nguo kabla hazijatoa maua. Zikishatoa vile vijiti vinavyong'ang'ania suruali, jani ni gumu kama karatasi. Mchicha wa miiba nao unafaa ukiwa mchanga, angalia vidole vyako. Kwenye mnavu usiharakishe. Maua yake ni madogo, meupe, kama nyota yenye kitovu cha njano. Ule mmea mwingine wenye ua kubwa refu kama tarumbeta na tunda la miiba ni sumu, na ukiwa mchanga umejificha katikati ya mboga hivi hivi. Sugua jani, nusa. Likinuka vibaya, tupa, na usiache mtoto akuchumie mnavu bila wewe kuangalia. Tunda la mnavu likiwa bichi nalo haliliwi.

Sasa jikoni. Beseni zima la majani litaishia bakuli moja la kulia watu wanne, kwa hiyo usijione umechuma kingi. Chambua majani makavu na vijiti, osha kwa maji matatu. Mchanga wa mvua za kwanza umeingia kwenye mikunjo, na hakuna kinachoharibu mboga kama kusaga kokoto moja mdomoni.

Chemsha maji mengi yenye chumvi kidogo. Yakitokota ndipo utie majani, usifunike. Dakika kumi hivi, yamwage, suuza kwa maji baridi, kisha kamua kwa viganja mara moja. Mara moja tu. Jirani yangu anakamua mara tatu, anabadilisha maji mara mbili, halafu analalamika mboga haina ladha. Anakula pamba. Mchunga usio mchungu si mchunga. Unachotaka ni uchungu ule unaokuja nyuma ya ulimi, baada ya utamu wa nazi. Ukishakamua, katakata nyembamba.

Chukua nazi moja iliyokomaa, ikune. Tia maji ya uvuguvugu nusu kikombe, kamua kasimile, lile tui zito la kwanza, weka pembeni. Kwenye chicha ile ile tia vikombe viwili, kamua tui la pili. Mafuta huhitaji. Weka sufuriani tui la pili, kitunguu kimoja, nyanya mbili zilizoiva, chumvi, na konzi moja ya uduvi uliopepetwa na kuoshwa. Acha lichemke mpaka nyanya zivurugike na tui libaki nusu. Tia mchunga, geuza, dakika tano.

Hapa ndipo niliponyooshwa mara ya kwanza kupika mwenyewe. Mke wangu alikuwa amesafiri kwenda kwao Korogwe, nikamimina kasimile juu ya moto mkali, nikatoka kumjazia mteja upepo. Niliporudi tui limekatika, mafuta yanaelea juu, chini mabonge meupe kama maziwa yaliyoganda. Linalika, ila halipendezi. Kwa hiyo punguza mkaa kwanza, mimina kasimile polepole, na mwiko usitoke sufuriani. Likitaka kutokota, lile povu la kwanza pembeni, epua. Weka pilipili mbuzi moja nzima juu, usiipasue, funika kidogo ijitie harufu.

Kula na bada. Ugali wa sembe nao unafaa, ila bada lina ule uchachu unaokutana na uchungu vizuri. Ndimu ikamuliwe mezani, kila mtu na sahani yake, kwa maana ukiitia sufuriani umelikata tui mwenyewe.

Mboga ikibaki, ipashe kwa moto mdogo asubuhi, ule na muhogo wa kuchemsha. Usiilaze usiku wa pili, mboga ya nazi inachacha haraka kwenye joto la huku. Na ukiona mashamba ya kwenu mchunga umeshaweka njano, wiki tatu nne tangu mvua ianze, acha. Subiri vuli.