Kuwatuza walinzi shirikishi wa mtaa bila kuzua maneno

Mitaa mingi huwakumbuka walinzi shirikishi, yaani wakazi wanaojitolea kufanya doria, siku mbili tu: siku mwizi amekamatwa na siku mlinzi amejeruhiwa. Tuzo inayotolewa kwa joto la siku hizo humwendea aliyekuwa karibu na tukio. Aliyezunguka usiku 90 bila kukutana na kitu hapati hata asante, ingawa doria ikienda vizuri ndivyo inavyokuwa: hakuna kinachotokea. Ukishika hilo, mengine yote hapa chini yanafuata. Tuza mahudhurio na utaratibu, usituze ukamataji.

Maelezo haya ni ya mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, kamati ya ulinzi na usalama, au wakazi wanaotaka kulianzisha jambo hili na kulipeleka ofisini. Kijijini ni yaleyale, ila utaongea na wenyeviti wa vitongoji.

Kwanza daftari

Nunua kaunta buku la kwaya tatu. Chora safu saba: tarehe, jina kamili, saa ya kuingia, saa ya kutoka, njia iliyopitwa, kilichoonekana, saini. Mstari mzuri unasomeka hivi:

"14/3. Aliingia saa 5:00 usiku, katoka saa 10:15 alfajiri. Msikitini hadi kisimani. Taa ya nguzo ya tatu imezimika. Duka la dawa lilikuwa halijafungwa kufuli, mwenye duka kaamshwa."

Safu ya "kilichoonekana" ndiyo watu huidharau, na ndiyo inayokuonyesha nani anatembea. Anayeandika "shwari" kila siku kwa miezi mitatu, mara nyingi anajaza daftari akiwa amekaa kwenye kibanda cha chipsi. Usiku wa kweli una mbwa, una bomba lililopasuka, una mlevi aliyelala mtaroni. Angalia na wino: wiki nzima ikiandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, imeandikwa siku moja. Daftari likae kwa kiongozi wa zamu, na kila mwisho wa mwezi mtendaji alipitie, ahesabu usiku wa kila mtu, apige mhuri chini ya hesabu.

Kama mtaa wenu hauna daftari, usikimbilie kutuza mwaka huu kwa kuuliza "nani huwa anatoka sana?" Utapewa majina ya wanaojulikana, siyo ya wanaotoka. Anzisheni daftari leo, tuzo zingoje miezi sita.

Wasiokuwa na zamu

Usalama wa mtaa haulindwi na wenye tochi peke yao. Yupo mama anayevusha watoto wa shule barabara kuu saa 12:30 asubuhi. Yupo dereva wa bodaboda anayeamshwa saa nane usiku kumwahisha mjamzito na hadai nauli. Yupo fundi anayepanda nguzo kubadilisha taa bure, wapo wanaozibua mitaro kabla ya masika, na yupo mjumbe wa kamati ya MTAKUWWA (mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto) anayeongozana na mtoto hadi dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Yupo pia anayewapikia uji walinzi saa saba za usiku, na huyu husahaulika kila mwaka kwa sababu haonekani barabarani. Hawa hawamo kwenye daftari, kwa hiyo wanahitaji mashahidi.

Andaa karatasi ndogo, nusu ya A4 inatosha, yenye maswali matatu tu. Nani? Amefanya nini, wapi, tangu lini? Nani mwingine ameona? Usiulize "kwa nini anastahili", maana utaletewa sifa. "Ni kijana mwema, anaheshimu wakubwa" haikusaidii. "Tangu shule zifunguliwe Januari anavusha watoto pale kona ya mashine ya kusaga, ukiacha wiki aliyougua malaria" ni kitu unachoweza kwenda kukihakiki kesho asubuhi. Mashahidi wawe wawili, wa nyumba tofauti, wasiwe ndugu zake wala wapangaji wake. Mpangaji hawezi kumkatalia baba mwenye nyumba.

Karatasi zipatikane ofisi ya mtaa, dukani, msikitini na kanisani, na wasiojua kusoma waandikiwe. Mabalozi wa nyumba kumi wanawajua watu kuliko yeyote, lakini balozi ni kiongozi wa chama cha siasa. Mapendekezo yakipitia kwake peke yake, nusu ya mtaa watasema tuzo ni za chama, na hapo hakuna maelezo yatakayokuokoa. Kwa sababu hiyohiyo epuka vitambaa vya kijani na njano siku ya sherehe, epuka na rangi za vyama vingine. Meza ikifunikwa kitambaa cheupe, hakuna atakayekuwa na la kusema. Na kama uchaguzi wa serikali za mitaa umekaribia, subirini upite.

Kamati na wanaokataliwa

Watu watano wanatosha: wanawake wasipungue wawili, kijana mmoja, na asiwemo yeyote aliyependekezwa kutuzwa. Mwenyekiti wa mtaa asiwemo. Yeye atakabidhi, na ni vizuri aweze kusema mbele ya watu kwamba hakuchagua. Mtendaji awe katibu asiye na kura. Polisi kata, yaani askari aliyepangiwa kata yenu, aulizwe jambo moja tu kuhusu kila jina: kuna pingamizi au hakuna. Msimwombe maelezo ya kesi ya mtu. Siyo yenu na hapaswi kuyatoa.

Sasa kile kigezo kinachowatoa watu jasho. Zamu yoyote ambayo mtuhumiwa alipigwa akiwa mikononi mwa walinzi wake haipati tuzo, zamu nzima, mpaka jambo lieleweke. Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, lakini kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Haimruhusu kuadhibu. Sungusungu, ulinzi wa jadi wa wanakijiji ulioanza Usukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980 dhidi ya wezi wa ng'ombe na baadaye kutambuliwa kisheria mwaka 1989, iliokoa mifugo mingi na ikalaumiwa vilevile kwa vipigo. Mtaa unaopiga makofi kwa aliyemshika mwizi unawafundisha vijana kwamba cheti kinapatikana kwa kushika mtu, na kijana anayekitaka atashika, hata kama ni mpita njia aliyepotea nyumba ya shangazi yake. Magazeti yatamaliza habari kwa "wananchi wenye hasira kali", na mlinzi wenu wa mwaka atakuwa mahabusu.

Kama mtu alimkamata mtuhumiwa, akamkinga na kundi la watu na kumfikisha kituoni mzima, huyo mtajeni. Tuzo yake ni kwa ajili ya kumfikisha.

Orodha ikikamilika, bandika majina kwenye ubao wa matangazo kwa siku 7, ukieleza pingamizi lipelekwe kwa nani. Afadhali kelele zitokee ubaoni kuliko mbele ya mgeni rasmi.

Lakini kabla ya kubandika, nenda nyumbani kwa kila mmoja, umuulize: jina lako litajwe? Upigwe picha? Picha iende kwenye magrupu ya WhatsApp? Kila swali lina jibu lake. Anayekubali kutajwa huenda hataki picha. Aliyetoa taarifa ya nyumba inayouza dawa za kulevya, ukimpa cheti mbele ya watu 300 umemchongea. Huyo ashukuriwe ofisini na mtendaji, mlango umefungwa, na jina lake lisiingie kwenye karatasi yoyote. Aliyesaidia mtoto aliyefanyiwa ukatili akitajwa pamoja na tukio, mtaa mzima utajua ni mtoto gani. Mwandikie "kwa kazi ya ulinzi wa watoto", basi.

Cheti

Kisipotaja kazi, cheti ni picha ya ukutani tu. Kikitaja, kijana anaweza kukipeleka kwenye kampuni ya ulinzi anapoomba ajira. Maneno yawe mafupi:

"Serikali ya Mtaa wa ______ inamshukuru ______ kwa kushiriki doria za ulinzi shirikishi usiku ___ kati ya Januari na Novemba ____, na kwa kutunza daftari la zamu. Mtaa haukumlipa kwa kazi hiyo."

Sentensi ya mwisho isiachwe. Watu wengi wanamchanganya mlinzi shirikishi na mgambo, na wengine wanadhani pesa ya ulinzi inayochangwa kila mwezi ni mshahara wake. Kama kweli mnampa posho, isemeni kama ilivyo.

Chukua jina kwenye kitambulisho cha NIDA, siyo jina la kijiweni. Tumia karatasi ya gramu 200 hadi 250. Nyepesi zaidi hujikunja ndani ya wiki. Chapisha nakala mbili tupu za akiba, kwa sababu jina moja litakosewa tu. Saini na mhuri vitangulie, wino ukauke kabisa, ndipo ulaminishe. Ukigeuza mpangilio, mhuri utateleza juu ya plastiki na kufutika kwa kidole. Ngao ya taifa usiiweke mwenyewe kwa sababu umeipata mtandaoni. Matumizi yake yana sheria, muulize mtendaji. Kwa kila cheti toa na barua ya mtendaji yenye maelezo marefu kidogo, na nakala ibaki kwenye faili.

Zawadi

Waulize wenyewe na utashangaa. Wengi watataja kitambulisho kabla ya pesa, kwa sababu gari la doria la polisi likiwakuta saa nane usiku hawana cha kuonyesha. Kitambulisho kiwe na picha, namba, saini ya mtendaji na tarehe ya kuisha isiyozidi mwaka mmoja, na polisi kata apewe orodha ya namba. Anayeacha doria anarudisha. Kitambulisho kisicho na tarehe ya kuisha kitakuja kutumika kutishia watu usiku.

Baada ya hapo: tochi ya kuchaji, koti la mvua, gambuti (uliza namba ya mguu, usinunue zote namba 9), jaketi la kuakisi mwanga lenye namba mgongoni, filimbi. Kadi ya bima ya afya ya kaya inafaa kuliko vyote kwa mtu mwenye watoto. Ulizia zahanati gharama na utaratibu wa sasa. Usitoe panga wala rungu kama tuzo, hata likinakshiwa. Usitoe bahasha hadharani, kwa sababu watu watakisia kilichomo na watakisia zaidi ya kilichopo.

Hesabu iwe wazi tangu mwanzo. Kaya 400 zikichanga shilingi 500 kila moja ni 200,000. Angalau robo tatu yake, yaani 150,000, iwafikie wanaotuzwa. Vipaza sauti, viti na soda za wageni vibanwe ndani ya 50,000 iliyobaki. Wakiwa 6, kila mmoja ana 25,000 ya kumnunulia kitu anachokitaka. Wakiwa 20, mtaishia kugawa kalamu, kwa hiyo punguzeni majina au ongezeni mchango. Mchango huu usichanganywe na pesa ya ulinzi ya kila mwezi, uwe na stakabadhi zake, na usomwe kwenye mapato na matumizi mkutanoni.

Siku yenyewe

Tarehe 5 Desemba ni Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, na kwetu inaangukia pazuri: watu wanakaribia kusafiri kwenda makwao, nyumba nyingi zitabaki na kufuli, na mtaa unakumbushwa nani atazilinda. Wikiendi iliyo karibu nayo inafaa. Msifanye asubuhi, waliolinda wanakuwa wamelala. Saa 10:00 alasiri ni nzuri.

Iwe ajenda ya mkutano wa hadhara wa mtaa, iwekwe mapema, siyo chini ya "mengineyo" watu wanapokuwa wameanza kuinuka. Mgeni rasmi akichelewa zaidi ya nusu saa, mwenyekiti akabidhi. Mkae mmekubaliana hivyo kabla, na mgeni ajue. Msomaji asome kazi kwanza, jina baadaye: "Usiku 112. Mara nne aliwaamsha wenye maduka waliosahau kufunga." Watu watanyamaza kusikiliza ni nani. Jina likitangulia, vigelegele vinaanza na kazi haisikiki. Mlinzi aliyefariki au aliyeumia kazini atajwe wa kwanza, na mjane au mzazi akabidhiwe akiwa amekaa, siyo kusimamishwa mbele ya kamera. Hotuba zote kwa pamoja zisizidi dakika 15. Kabla ya kufunga, tangaza tena namba za simu za dharura: 112 ya polisi, 114 ya zimamoto na uokoaji, na 116 ya msaada kwa mtoto. Siku mtaa umejaa hivyo haitajirudia upesi.

Kisha kuna jambo ambalo wezi hulijua kabla ya kamati: jioni hiyo walinzi wote wako sehemu moja, wameshiba, na nyumba ziko wazi. Pangeni watu wanne wa kuzunguka wakati sherehe ikiendelea, wasiwe miongoni mwa wanaotuzwa, na chakula chao kiwekwe pembeni kabla wageni hawajapakuliwa. Zamu ya usiku iingie saa 5:00 kama kawaida, daftari lijazwe, na kwenye safu ya njia waanze na uchochoro wa nyuma ya uwanja wa mkutano, maana huko kutakuwa na viti vya kukodi ambavyo hakuna aliyevirudisha.