Kuangusha mti mkubwa: usiimalize bawaba

Wakulima wengi wa Mufindi na Njombe, misindano na mikaratusi yao ikishakomaa, humkodi mtu mwenye chenso wakamwachia kila kitu. Wewe mwenye shamba, mkague kabla hajawasha. Kama amevaa kandambili na hana kofia ngumu wala kinga ya macho na masikio, kazi isianze.

Kabla ya kukata, tazameni juu: mti umeinamia wapi, matawi mazito yako upande gani, kuna tawi kavu limening'inia? Upepo ukiwa mkali, ahirisheni. Mti wa mita 25 unataka watu na mifugo wakae zaidi ya mita 50. Fyekeni njia ya kukimbilia, kwa mshazari kuelekea nyuma. Nyuma kabisa ya mti si salama, shina huweza kuruka likarudi huko.

Sasa mdomo, yaani pengo la umbo la kabari kwenye shina. Hukatwa upande ambao mti utaangukia, kina chake kama robo ya kipenyo. Shina la sentimita 60, basi, mdomo wake ni sentimita 15. Kata la nyuma, lile la upande wa pili wa shina, liwe juu ya kona ya mdomo kwa sentimita 3 hadi 5, na lisiufikie mdomo: bakizeni kama sentimita 6 zisizokatwa, unene ulio sawa kushoto na kulia. Hiyo ndiyo bawaba, na ndiyo inayoushika mti uende mlikokusudia. Wakataji wenye haraka huimaliza, nami nawasihi waache, kwa sababu mti uliokosa bawaba huzunguka juu ya kisiki na kuanguka popote. Mti ukigoma kuanguka, pigeni kabari ya mbao au plastiki. Ya chuma itaharibu mnyororo wa chenso.

Mkaratusi ulioinama sana una hatari yake. Ukikatwa nyuma kwa kawaida, shina hupasuka wima na kipande cha nyuma hufyatuka usoni pa mkataji. Fundi aliyefunzwa hutoboa shina nyuma ya bawaba kwa ncha ya msumeno, akianza na sehemu ya chini ya ncha kwa kuwa ya juu hurusha msumeno, kisha hukata kurudi nyuma na kuacha kipande cha kushikilia, anachokikata mwisho. Asiyejua hivyo asiuguse.

Mti ukinasa kwenye mwingine, asipite mtu chini yake, wala msiukate ule ulioudaka. Uvuteni kwa trekta au winchi, kamba ikiwa ndefu kuliko mti.