Uzamili wa uhandisi wa anga Italia: mahali ambapo maombi hukwama

Satelaiti ya Uhuru, ya NASA, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, jukwaa la mradi wa Italia ulioongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Roma. Mwaka 2018 satelaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, ilitokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Sapienza cha Roma. Kwa mhandisi wa Afrika Mashariki, basi, Italia si ugenini kabisa. Tena ada za vyuo vya umma huko hupangwa kwa kipato cha familia.

Shahada yenyewe huitwa laurea magistrale, kundi la LM-20: miaka 2, krediti 120, kila krediti ikihesabiwa saa 25 za kazi ya mwanafunzi. Inafundishwa kwa Kiingereza Milano (Politecnico), Sapienza, Padova, na Bologna kwenye kampasi ya Forlì. Amua mapema kama unataka ndege au vyombo vya anga za juu, maana Politecnico ya Milano huzitoa kama shahada mbili tofauti.

Kinachoangusha waombaji wengi ni silabasi. Kamati hupima krediti ulizonazo katika hisabati, fizikia, mekanika, thamodinamiki na masomo ya anga, kisha ndiyo inatazama wastani wako. Aliyesoma uhandisi wa mitambo kwa kawaida anatosha kwenye misingi, ila anapungukiwa aerodinamiki, mwendo wa ndege na miundo myepesi ya ndege. Jina kama "Mekanika II" kwenye matokeo halimwelezi msomaji wa Milano chochote. Andaa kwa kila somo nusu ukurasa: mada, saa za darasani, saa za maabara, kitabu kilichotumika. Peleka idarani upigiwe muhuri. Ianze kazi hii miezi sita kabla, kwa sababu kupata silabasi ya miaka iliyopita huchukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Kama bado uko mwaka wa mwisho, mradi wa bawa, wa handaki la upepo au wa satelaiti ndogo utaziba sehemu ya pengo hilo. Leseni ya fundi wa ndege kutoka TCAA au KCAA (mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania na Kenya) ni sifa nzuri kwenye wasifu, lakini haisimami badala ya shahada ya kwanza.

Baada ya kukubaliwa na chuo, jisajili kwenye Universitaly, tovuti ya serikali ya Italia ya maombi ya vyuo. Bila hatua hiyo ubalozi haushughulikii viza ya masomo ya aina ya D (ya kukaa muda mrefu). Uliza chuo kinataka uthibitisho gani wa shahada yako, wa CIMEA (kituo cha Italia cha kutambua vyeti vya nje) au Dichiarazione di Valore (tamko la thamani ya cheti) ya ubalozi, kabla hujalipia. Majina yafanane herufi kwa herufi kwenye pasipoti, cheti na matokeo.

Ufadhili wa mkoa (hutolewa na mashirika ya mikoa, EDISU kwa Torino, DiSCo kwa Roma) huombwa kando na chuo, na una tarehe yake ya mwisho. Wengi husubiri hadi viza itoke ndipo wauombe, na wakati huo dirisha limeshafungwa. Ufadhili huo hudai hati za watu wa kaya, kipato na mali za familia, zikiwa zimetafsiriwa Kiitaliano na kuhalalishwa na ubalozi. Kipato kinachotazamwa ni cha miaka miwili nyuma: anayeanza 2027 anapeleka cha 2025. Angalia pia kama nchi yako imo kwenye orodha ya nchi maskini zaidi ya wizara ya Italia, kwa sababu hati zinazohitajika hupungua sana. Fedha za ufadhili hazitakusubiri uwanja wa ndege. Beba za kukutosha miezi mitatu pamoja na amana ya chumba.

Ukifika, omba kibali cha ukaazi ndani ya siku 8 za kazi, kwa bahasha ya fomu inayotolewa posta.

Mitihani huhesabiwa kati ya 30, na 18 ndiyo ya kupita. Mingi ina sehemu ya mdomo: profesa anakuomba utoe mlinganyo wa Navier–Stokes (wa mwendo wa hewa na vimiminika) kuanzia mwanzo, ubaoni, na ueleze kila kisio. Kukariri mitihani iliyopita hakusaidii hapo. Miezi ya kusubiri viza itumie kurudia vekta, milinganyo ya kidiferensiali na Python au MATLAB.

Kuhusu tasnifu, kumbuka kuwa nafasi za kuanzia kazi ESA (Shirika la Anga la Ulaya) hutolewa hasa kwa raia wa nchi wanachama. Chagua mada inayoajirika kwenu pia, kama satelaiti ndogo, picha za ardhi au ndege zisizo na rubani, na umtafute msimamizi mwishoni mwa mwaka wa kwanza, kabla wenzako hawajajaza maabara yake.