Kabla hujamwandikia mfanyakazi "Usirudi kesho"

Jumamosi iliyopita nilikaa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariobangi, Nairobi, tangu saa tatu asubuhi hadi giza likaingia, tukipekua simu yake. Mezani kulikuwa na barua ya wakili. Kijana wake wa stoo alionekana kwenye kamera akitoka na mikebe miwili ya rangi, na mwenye duka kwa hasira akamtumia ujumbe saa nne usiku: "Usirudi kesho." Nimekutana na kisa cha aina hii mara nyingi mno, ndiyo maana ninaandika. Hatua hizi zinamfaa mwenye wafanyakazi watatu hadi ishirini hivi.

Hatua ya 1: Orodhesha watu na wanachoshika. Karatasi moja yatosha. Andika jina, kazi, anachoshika (pesa, funguo, simu ya malipo, wateja wakubwa), na nani atashika akiugua. Ukikosa jina la pili, hapo ndipo penye hatari. Anayepokea pesa asiwe ndiye anayelinganisha hesabu jioni.

Hatua ya 2: Mkataba. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka maandishi kwa kazi ya miezi 3 au zaidi. Usijifiche nyuma ya neno "kibarua". Akifanya kazi mfululizo siku zikatimia mwezi, kifungu cha 37 kinamhesabu kama mwajiriwa wa mwezi, hata kama unamlipa kila jioni. Likizo isipungue siku 21 za kazi kwa mwaka. Kurasa mbili mlizosoma pamoja ni bora kuliko ishirini ulizopakua mtandaoni. Mzozo ukifika mahakamani na huna mkataba wa kuonyesha, ni wewe utakayebeba mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana.

Hatua ya 3: Makato na bima. PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara), NSSF (akiba ya uzeeni), bima ya afya ya SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) asilimia 2.75 ya mshahara, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 kutoka kwake na 1.5 kutoka kwako. Weka kengele ya simu tarehe 5 ili tarehe 9, siku ya mwisho ya kuwasilisha, isikukute ukihangaika. Wachukulie pia bima ya majeraha kazini, ile ya WIBA (sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini). Kwa watu chini ya kumi mimi hutumia jedwali la Excel, sioni sababu ya kulipia programu ya mishahara.

Hatua ya 4: Kosa likitokea. Hapa nendeni polepole.

Kifungu cha 41 cha Sheria hiyo ya Ajira kinasema kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au hali ya afya, umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha usikilize utetezi wake. Hata wizi haukuondolei wajibu huo. Ukiuruka, mahakama inaweza kukuamuru ulipe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Kwanza, usiamue siku hiyo hiyo. Msimamishe kwa muda, mshahara ukiendelea. Pili, nakili picha za kamera usiku huo huo, kwa maana mashine nyingi hurekodi juu ya picha za zamani. Pale Kariobangi zilikuwa zimeshafutika. Kilichobaki ni video ya sekunde kumi na moja aliyoipiga mwenye duka kwa simu mbele ya skrini, na uso hauonekani vizuri.

Kisha andika barua ya kumtaka ajieleze. Iandike kwa Kiswahili kama ndicho mnachoongea kazini. Nimeona wapagazi wakipewa kurasa tatu za Kiingereza cha mawakili ambazo hata mwenye duka hakuzielewa. Na usiandike "utovu wa nidhamu" tu ukaishia hapo. Andika hivi:

"Tarehe 14, saa 11:40 jioni, ulionekana ukitoka stoo na mikebe miwili ya rangi ya lita 4, na hatujaona risiti yake. Tafadhali jieleze kwa maandishi kufikia Ijumaa saa sita mchana. Kikao ni Jumatatu saa nne asubuhi. Una haki ya kuja na mfanyakazi mwenzako unayemchagua."

Kifungu hicho hakitaji idadi ya siku za kujiandaa. Mimi hutoa tatu, na akiomba zaidi namwongezea.

Kikaoni, aliyelalamika asiwe ndiye anayeamua, ikiwezekana. Usiingie na barua ya kuachishwa kazi iliyochapwa tayari. Kumbukumbu ziandikwe papo hapo na wote watie sahihi. Akikataa, andika kwamba amekataa, na shahidi atie yake.

Na msikilize kwa dhati. Barua ya wakili wa kijana ilidai kwamba rangi ile ilikuwa ya fundi aliyeilipia moja kwa moja kwenye simu ya mwenye duka. Tukatafuta. Magharibi tukaukuta ujumbe wa M-Pesa: mchana wa siku hiyo hiyo, bei kamili ya mikebe miwili. Mwenye duka aliuangalia kwa muda mrefu bila kusema neno. Kijana angepewa dakika kumi za kujieleza, angeyasema hayo.

Hatua ya 5: Akiondoka. Mlipe siku alizofanya na likizo ambayo hakuchukua. Mpe cheti cha huduma (cha kuonyesha alikufanyia kazi) hata kama mmeachana vibaya, ni haki yake akishafanya kazi wiki nne mfululizo. Chukua funguo, badilisha nenosiri la simu ya malipo, umtoe kwenye kundi la WhatsApp la wateja. Mkataba wake uhifadhi miaka 5 baada ya kuondoka, na faili ya nidhamu mimi huiweka papo hapo pamoja nao.