Unasoma habari redioni na unataka kuandika riwaya? Anzia hapa

Nimesoma taarifa ya habari miaka tisa hapa Dodoma ndo nikamaliza riwaya yangu ya kwanza, na wadogo zangu wa studio kila siku wananiuliza naanzaje, basi ngoja niandike.

Kwanza kazi usiache. Ukiwa zamu ya alfajiri, ukitoka kaa hata pale Nyerere Square kwenye kivuli uandike kwa muda wa saa moja, kwa daftari kama laptop huna.

Sasa ugonjwa wetu sisi ni kuanza na jibu. Nani kafanya nini, wapi, wangapi, sekunde 30 hazijaisha msikilizaji kashajua yote. Riwaya ukiianza hivyo imekufa ukurasa wa kwanza. Chukua habari uliyowahi kusoma uiandike upya, mimi nilichukua ya lori la mahindi kupinduka njia ya Kibaigwa, hewani ilikuwa mistari minne tu. Nikamweka mama mmoja kafika na ndoo kabla ya watu wote, mahindi yametapakaa mpaka mtaroni, anainama achote, mara anasikia mtu anagonga ndani ya kebini, kogo, kogo, kisha kimya. Ndoo bado iko mkononi. Hapo dereva kapona au hakupona usiseme kabisa, mwache msomaji ahangaike! Mistari minne ikanipa kurasa kumi na moja.

Ila watu wa habari za kweli wabadilishe, jina, kijiji, hata kazi, wana familia wale.

Sikio ndo mtaji wako, umekata saundi za watu, yaani sauti zao ulizorekodi, miaka yote hiyo. Mzee wa Bahi usimuongeleshe kama taarifa ya saa mbili usiku, akiingia na "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, mwache aingie nayo. Kila sura ukimaliza jirekodi kwa simu, sikiliza kwenye daladala ya Nkuhungu, pale ulimi ulipojikwaa rudi ukarekebishe.

Muswada ukikamilika tunza nakala mbili tatu, mchapaji mmoja alikaa na wangu miezi minane kimya halafu akasema umepotea, niliumia sana. Hakimiliki sajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, inatoka Maktaba ya Taifa, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu inapokea riwaya, ila masharti yasome yote kabla hujatuma maana wanataka kazi ambayo ni yako mwenyewe.