Umeachishwa kazi sababu una mimba? Anza kuhesabu siku leo

Wadada wa Tanga mnaofanya mahotelini, viwandani na kwenye mkonge, hili nawaandikia nyie. Mimi nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja hapa mjini, tumbo ndo kwanza linaanza kuonekana nikaambiwa "nenda kajifungue kwanza, ukimaliza uje tuongee", nikabeba pochi yangu nikarudi zangu Ngamiani kulia, nikakaa miezi miwili nasubiri simu. Nakuja kuulizia, muda ushanipita.

Kesi ya kuachishwa kazi inatakiwa ifike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi wanaiita CMA, ndani ya siku 30 tangu ulipoachishwa. Kama bado uko kazini ila wanakunyanyasa, labda umekatwa shifti au umeshushwa cheo, una siku 60. Ukichelewa unaruhusiwa kuomba uongezewe muda ila uwe na sababu nzito kweli, kusubiri bosi apige sio sababu.

Kwa hiyo siku hiyohiyo andika kasema nani, saa ngapi, nani alikuwepo, na maneno yenyewe vilevile alivyotamka. Meseji za WhatsApp usifute. Mkataba, salari slipu, kadi ya kliniki, piga picha vyote umtumie ndugu unayemwamini maana simu inaibiwa. Hujapewa barua? Iombe kwa maandishi, hata kwa meseji. Na tafadhali sana usisaini karatasi inayosema umeacha kazi mwenyewe, hapo wengi wetu ndo tunapomalizwa.

Halafu nenda CMA uchukue fomu namba moja, jaza, mpe mwajiri nakala asaini kwamba kapokea, ndo uirudishe. Hulipi hata mia. Kama ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, CHODAWU cha mahotelini au TPAWU cha mashambani, waambie mapema, wanaweza kukusimamia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa mimba, jinsia, dini, kabila, ulemavu, VVU, ndoa, na inamlinda hata anayeomba kazi tu. Ukishaonyesha dalili za kutosha kwamba umebaguliwa, mzigo wa kuthibitisha vinginevyo unahamia kwa mwajiri, ndo maana nang'ang'ania uandike.

Wewe ambaye hujaguswa bado, toa taarifa ya likizo ya uzazi miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua, uambatanishe cheti cha daktari, ubaki na nakala yenye saini yao. Ni siku 84 zenye malipo, mapacha 100.