Kulima bangi ya nyuzi nchini Ufaransa: kuanzia mbegu hadi robota

Kwa kuwa kwetu neno katani limekwisha kuchukuliwa na mkonge, zao ambalo Wafaransa huliita chanvre nitaliita hapa bangi ya nyuzi. Ni bangi ileile, Cannabis sativa, ila imechaguliwa kwa vizazi vingi kwa ajili ya nyuzi na mbegu, na kilevi chake, THC, hakiruhusiwi kuzidi asilimia 0.3 katika Umoja wa Ulaya. Mwongozo huu ni wa anayelima Ufaransa kisheria. Tanzania na Kenya kuipanda ni kosa la jinai, hata kama nia ni kusokota kamba.

Nunua mbegu zilizothibitishwa, za aina iliyomo katika orodha ya Umoja wa Ulaya, na utunze lebo za magunia, maana mkaguzi atazidai. Usirudie kupanda mbegu ulizovuna mwenyewe. Kwa asili mmea huu una dume na jike mbalimbali, na dume hukauka mara tu linapomaliza kumwaga chavua, hivyo shamba huiva vipande vipande. Aina kama Fedora 17 na Futura 75 zimeboreshwa ili maua ya kiume na ya kike yakae kwenye shina moja, lakini sifa hiyo hupotea taratibu mkulima anapojizalishia mbegu. Fedora huwahi kukomaa, nayo humfaa anayetaka mbegu. Futura huchelewa na kurefuka zaidi, ikampa nyuzi nyingi anayezihitaji.

Kazi kubwa iko kwenye udongo, na naomba hapa usiharakishe. Mmea huu una mzizi mkuu unaotaka kushuka moja kwa moja, nao hauvumilii maji yaliyotuama wala ardhi iliyoshindiliwa na matrekta. Ng'oa miche michache ikifika kimo cha goti: mzizi uliopinda kama herufi L unakuonyesha kina hasa ambacho jembe la mwaka ujao linapaswa kuvunja. Panda kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei, udongo ukifikia nyuzijoto 10 hivi, kwa kina cha sentimita 2 hadi 3, kilo 45 hadi 50 kwa hekta. Msongamano huo ni wa makusudi, kwa sababu mimea inayogombania mwanga hutoa mashina marefu na membamba, na magugu hukosa jua yakafa bila dawa. Ukichelewa, zao halikusubiri: siku zikianza kuwa fupi, mimea huchanua hata kama bado haijarefuka.

Kwa nyuzi pekee, kata wakati wa maua, kisha uyalaze mashina chini wiki kadhaa, ukiyageuza, ili umande na kuvu vilainishe gundi inayoshika nyuzi kwenye mti wa ndani. Chukua shina lililogeuka kutoka kijani hadi kijivu, ulivunje: nyuzi zikibanduka kama utepe mrefu na mti wa ndani ukakatika vipande vikavu, mashina yamekuwa tayari. Usifunge robota unyevu ukizidi asilimia 15, na simamisha mashine mara kwa mara uondoe nyuzi zinazojisokota kwenye bearingi, kwa sababu zikipata moto huwaka.